Kaunta Nyeupe Aliyonikatalia Mume Wangu

Wale mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilipofika. Mnaojiunga leo, sogeeni, nitawapa kwa ufupi.

Mimi ni mpishi wa keki. Mtaa mzima unaniita Mama Keki, na mume wangu naye akaniita hivyo hivyo mpaka nikazoea. Yeye wanamwita Fundi, maana kazi yake ni kukata mawe ya kaunta za jikoni kwenye karakana moja kubwa. Mvua ilitubomolea jiko, oveni yangu ikafukiwa na matofali. Tulipoanza kunyanyuka, Fundi akaanza kukohoa. Hospitali wakasema kifua kikuu. Alimeza dawa mpaka zikaisha. Dawa ziliisha, kikohozi kikabaki.

Na wiki iliyopita niliwaeleza jambo lililoninyima raha: kila Jumamosi keki moja ilikuwa inatoweka jikoni, na kila Jumamosi mume wangu alikuwa anavaa shati safi na kutoka bila kuaga sawasawa.

Leo nawaambia keki ilikuwa inakwenda wapi.

Jiko jipya lilikuwa limeshasimama. Kuta zimepigwa plasta, sinki liko kwenye boksi lake, imebaki kaunta tu. Kwa mtu wa kazi yangu kaunta ndiyo ofisi. Hapo ndipo nakanda, ndipo nasukuma, ndipo napamba. Hapo ndipo trei inatua ikitoka ovenini.

"Alhamisi nakupeleka ukachague mwenyewe," Fundi aliniambia.

Nilivaa kama mtu anayekwenda harusini.

Duka lilikuwa mbele, karakana nyuma yake. Mawe yalisimamishwa wima kwenye vyuma, moja baada ya jingine, marefu kuliko mimi. Binti wa mauzo alitupokea kwa tabasamu.

"Haya ya huku ni ya asili, mama. Yamechimbwa, yakapasuliwa, yakang'arishwa. Kila moja lina sura yake. Ila yana vitundu, lazima uyapake dawa ya kuziba, la sivyo mafuta yanaingia."

"Na yale?"

"Yale ni ya kiwandani. Jiwe linasagwa, linachanganywa na gundi, linashindiliwa. Halinyonyi kitu. Ukimwaga chai unafuta, unaondoka."

Akanipeleka mbele ya moja jeupe pee, lenye michirizi ya kijivu hafifu kama mvuke. Niliweka kiganja juu yake. Nikajiona nimesimama hapo asubuhi, dirisha liko wazi, na keki za wateja zimepangwa mstari.

"Hili," nilisema.

"Hapana," alisema Fundi.

Nilidhani anatania. Nilimgeukia, uso wake haukuwa na utani.

"Hapana kivipi?"

"Wewe unatoa trei za moto. Ukiziweka hapo gundi inaungua, inabaki alama ya njano. Chukua granaiti, jiwe la asili. Ile ya kijivu kule mwisho. Weka sufuria ya moto juu yake mwaka mzima, haikuulizi."

"Nitaweka ubao chini ya trei."

"Utasahau."

"Nisahau mara ngapi, Fundi? Mimi mtoto?"

Binti wa mauzo aliona ajiongeze. "Ni kweli baba, kwenye moto hili la kiwandani ni dhaifu kidogo. Lakini akina mama wengi siku hizi wanachukua hili. Ndilo linalokwenda sana."

"Najua linavyokwenda," Fundi alisema. "Mimi ndiye nalikata."

Nikaenda kuiona hiyo granaiti yake. Ya kijivu, yenye madoa meusi, nzito kwa macho kabla hujaigusa.

"Inafanana na kaburi," nikamwambia.

Alicheka. Nilifurahi kwa sababu alikuwa hajacheka siku nyingi. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kumwachia. Alishika chuma cha kuegemezea mawe, akainama, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Binti wa mauzo alimletea maji.

Alipotulia nikamwambia polepole, kwa sauti ya kubembeleza, "Baba, hebu tuchukue lile jeupe. Mimi ndiye nitakayesimama hapo kutwa."

"Nimesema hapana," alijibu. "Jiwe lile haliingii nyumbani kwangu."

Tangu anioe hakuwahi kusema nami namna ile. Na alisema mbele ya mtu. Nilitoka dukani nikimwacha nyuma, macho yananiwasha.

Nyumbani nilimpigia wifi yangu, dada yake Fundi wa pekee. Wifi yangu ana duka la viatu na ana maoni juu ya kila kitu chenye miguu. Alikuja hata vumbi la simu halijatua.

"Rudia. Kakukataza jiwe?"

"Kanikataza. Anakata kaunta nyeupe za wake za watu kila siku, ya kwangu haitaki."

Wifi alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi akiwaza. "Mwanamume hana ugomvi na jiwe, wifi. Ukimwona anagombana na jiwe, nyuma ya jiwe kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Keki zinakwenda wapi?"

Ndilo swali nililokuwa nimelifungia kabatini, naye kalifungua kwa mkono mmoja.

"Kuna jiko jingine lililopata hiyo kaunta nyeupe," alisema. "Hataki uwe nayo kwa sababu akiiona hapa atamkumbuka wa kule. Ni kaka yangu, tumbo moja, lakini sitamfichia. Jumamosi tunatoka."

Ijumaa nilioka keki ya machungwa. Wakati naipaka sukari juu nilijiuliza, huyo anayekula keki zangu anazionaje. Anasema tamu? Anauliza nani kapika? Nikaipaka vibaya upande mmoja, nikaiacha hivyo hivyo.

Jumamosi Fundi alivaa shati lake la bluu. Aliifunga keki kwenye karatasi kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko.

"Natoka kidogo," alisema.

"Haya."

Wifi alikuwa ananingoja kwenye kona, amevaa miwani mieusi na kofia pana, na begi kubwa jekundu begani.

"Wifi, tunajificha au tunatangaza?"

"Twende. Asitupotee."

Hakuwa mgumu kufuata. Nilishangaa jinsi alivyokwenda. Mume wangu alikuwa mtu wa hatua ndefu, nikimfuata sokoni nilikuwa nakimbia. Sasa alikuwa anatembea kidogo, anasimama, anajifanya anaangalia vitu dukani, kisha anaendelea. Wifi alisema anaangalia kama kuna anayemfuata. Nami niliamini hivyo.

Tulipita mtaa wa mafundi magari, tukapita duka la vioo, tukafika kwenye safu ya vyumba nyuma ya fundi cherehani. Fundi aligonga mlango wa mwisho.

Mwanamke alifungua. Mrembo, mwembamba, kitambaa kichwani. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Kisha akamshika mume wangu mkono na kumwingiza ndani, na mlango ukafungwa.

"Umeona," alisema wifi, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejutia kuwa sahihi.

Nilikaa kwenye benchi la fundi cherehani. Sikulia. Nilikuwa naangalia mlango ule, rangi yake ya kijani imebanduka chini, nikawa najiambia kwamba sasa najua, na kujua ni afadhali. Fundi cherehani alituuliza kama tumekuja kupima nguo. Wifi akamwambia tumekuja kupima jambo jingine.

Mume wangu alikaa humo muda wa kutosha. Alipotoka aliegemea ukuta kwanza, akafuta uso kwa kiganja, kisha akaondoka. Tulimwacha akate kona.

"Niache mimi niongee," alisema wifi.

"Hapana. Hii ni yangu."

Niligonga. Mwanamke alifungua, akaniangalia, akaangalia unga uliokuwa umebaki kwenye ukingo wa mkono wa gauni langu. Uso wake ukalegea.

"Wewe ndiye Mama Keki," alisema. "Hatimaye umekuja. Karibu ndani, dada. Ya leo ni ya machungwa, ndiyo anayoipenda zaidi."

"Nani anayeipenda?"

"Mume wangu."

Wifi alivua miwani.

Tuliingia. Chumba kilikuwa safi, dirisha moja, kitanda kimoja. Karibu na dirisha, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mtu amefunikwa shuka hadi kifuani. Pembeni yake mtungi wa oksijeni, na mpira mwembamba uliotoka kwenye mtungi ukaingia puani mwake. Kipande cha keki kilikuwa kwenye sahani juu ya magoti. Alikuwa amekula pembe moja tu.

Sikumjua. Naapa sikumjua, mpaka aliponyanyua nyusi zake.

"Kimya?" niliuliza.

Kimya alikuwa rafiki wa Fundi kazini. Walimwita Kimya kwa dhihaka, kwa sababu mdomo wake haukuwahi kupumzika. Kwenye harusi yetu alishika kipaza sauti mpaka mjomba akamnyang'anya. Alikuwa na kifua kipana kama mlango, na jiwe ambalo wengine walilibeba wawili wawili yeye alilibeba peke yake huku anasimulia hadithi. Mume wangu aliniambia Kimya ameacha kazi, karudi kwao kulima. Nilimlaumu hata kwa kutotuaga.

"Shemeji," alisema. Akapumua. "Umenenepa." Akapumua tena. "Vizuri."

Nikacheka, na machozi yakanitoka kwenye kicheko hicho hicho.

Mkewe alituletea stuli. Akakaa kitandani, mikono yake ikiwa mapajani.

"Ni vumbi," alisema. "Lile jiwe jeupe la kiwandani. Ukiliona kwenye jiko la mtu ni zuri, hata mimi nilikuwa nalitaka. Lakini lile ni jiwe lililosagwa tangu mwanzo, wakaligandisha kwa gundi. Ukilikata bila maji, linarudi kuwa unga. Unga mwembamba hata huuoni ukipaa. Unaingia kwenye mapafu, unakaa, mapafu yanafanya makovu. Kovu halina dawa."

"Na mawe ya asili?" aliuliza wifi. Sijui kwa nini aliuliza hilo. Nadhani alitaka tuendelee kuzungumza juu ya mawe, tusifike tunakokwenda.

"Nayo yana vumbi lake, hata granaiti. Lakini hayafiki hapo, na ukikata kwa maji, na barakoa ya maana, afadhali. Pale kwao walikuwa wanakata makavu, wafanye haraka. Wateja ni wengi."

Mimi nilikuwa siko tena chumbani humo. Nilikuwa nyumbani kwetu, miaka mingi nyuma, jioni Fundi anaingia mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, nami mweupe vile vile kwa unga wa ngano. Tulikuwa tunachekana mlangoni. Alikuwa ananikumbatia, anasema sasa hakuna atakayejua nani mpishi nani fundi.

"Fundi anakohoa," nilisema.

Mke wa Kimya aliniangalia. Kisha akamwangalia mumewe. Kimya alifumba macho.

"Dada," mkewe alisema, "hakukuambia?"

"Waliniambia kifua kikuu. Katibiwa, kamaliza dawa."

"Na wangu waliniambia hivyo kwanza. Ndivyo wanavyoanza. Baadaye wangu na wako walikwenda hospitali nyingine, pamoja, siku moja. Daktari mmoja. Yule aliwauliza kazi yao ni nini. Akazitundika picha zao za kifua ukutani, ya wangu na ya wako, zimekaa bega kwa bega. Mimi nilikuwepo. Nilidhani alikwenda nyumbani akakuambia siku ile ile."

Nilisikia kitu kikianguka. Lilikuwa begi la wifi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshuka kutoka kwenye stuli, amekaa sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye miguu ya kitanda.

"Kama anajua," niliuliza, "kwa nini anaendelea kwenda kazini?"

"Siku hizi hakati. Anapima majikoni ya wateja tu. Lakini anarudi mle mle, hewa ni ile ile. Wangu alimwambia akae nyumbani apumzike. Akajibu kwamba akikaa nyumbani, utajua."

Nawaambia ukweli wa moyo wangu, msinicheke. Nilitamani yule mwanamke awe hawara wa mume wangu. Nilitamani nimkute na kaunta nyeupe, watoto wawili wa mume wangu wamekaa juu yake wananitazama. Hilo ningelijua la kufanya. Ningepiga kelele, ningevunja sahani, ningerudi kwa mama yangu na ningesubiri aje kuniomba. Hili la sasa sikujua mtu analishikia wapi.

"Jiwe," alisema Kimya. Alikuwa amefumbua macho. "Mligombana. Aliniambia."

"Usijichoshe, shemeji."

Alinyanyua mkono kidogo, kuninyamazisha.

"Yeye hawezi kukata tena." Pumzi. "Ukichagua jeupe..." Pumzi ndefu, mtungi ukinong'ona. "Atalikata nani?"

Nikakumbuka karakana nyuma ya lile duka, sauti za mashine nilizozisikia siku ile nikiwa nimeweka kiganja kwenye jiwe. Kulikuwa na watu kule. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna watu.

Mke wa Kimya alitusindikiza hadi nje. Aliniuliza kama keki zitaendelea kuja. Nikamwambia kuanzia sasa nitazileta mwenyewe. Alinishika mkono kama alivyomshika mume wangu, na hapo nikaelewa ule mkono. Alikuwa anamsaidia kupanda kizingiti.

Njiani wifi alikuwa amevaa miwani yake tena, sasa ili watu wasione.

"Mama nitamwambia nini?" aliuliza. "Ana mtoto wa kiume mmoja."

"Usimwambie kitu. Kwanza niongee naye mimi."

"Utamwambia nini, wifi?"

"Sijui."

Tulitembea. Kila alipokuwa amesimama Fundi asubuhi, nilipaona: kwenye duka la vioo, kwenye nguzo karibu na mafundi magari, kwenye kivuli cha bango. Hakuwa anatazama kama anafuatwa. Alikuwa anatafuta pumzi. Nilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, nikimhesabia uzinzi.

Nilikuwa na hasira pia, msidhani nilikuwa mtakatifu. Nani alimpa ruhusa ya kunichagulia kutojua? Tumelala kitanda kimoja, nimemchemshia tangawizi, nimemsugua mgongo, kumbe ninamtibu ugonjwa asiokuwa nao. Nilikuwa namlilia na kumgombeza kwa wakati mmoja, kimoyomoyo, mpaka kwenye lango letu.

Wifi aliagana nami hapo. Hakuweza kuingia.

Uani kulikuwa na sauti ya mashine. Granaiti ya kijivu ilikuwa imefika. Ilikuwa imelazwa juu ya meza mbili za mbao, imeshakatwa kipimo, na mume wangu alikuwa amepiga magoti pembeni yake anang'arisha ukingo. Barakoa kubwa imemfunika nusu ya uso. Mpira wa maji ulikuwa unatiririka juu ya jiwe mfululizo, maji ya kijivu yanashuka na kufuata mfereji hadi nje. Shati la bluu lilikuwa limetundikwa kwenye kamba. Mgongo wake ulikuwa umekonda. Tangu lini umekonda hivi, na mimi nilikuwa naangalia nini?

Aliniona, akapunguza mashine, akasogeza barakoa chini ya kidevu.

"Umechelewa. Wameileta mapema. Najua huipendi, lakini ikiloa angalia, inatoa rangi." Alimwagia maji zaidi ili nione. Kweli, ndani ya ule ujivu kulikuwa na chembe za fedha zikimetameta. "Njoo unionyeshe sinki likae wapi kabla sijatoboa. Kulia au kushoto?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejiapiza nitaanza taratibu, nitampikia kwanza, nitamkalisha.

"Nimetoka kwa Kimya," nilisema.

Alizima mashine.

Maji yaliendelea kutiririka. Hakuna aliyeyafunga. Aliinuka kwa kushikilia jiwe, mkono mmoja halafu wa pili, akasimama akiniangalia kama mtu aliyebeba kitu kizito njia ndefu na sasa kimemponyoka.

"Na nani?"

"Na dada yako."

Alitikisa kichwa polepole. Akafuta mikono kwenye suruali. Nilimsubiri akane, au aombe radhi, au akasirike kwamba nilimfuata. Nilikuwa na jibu la kila moja.

"Wamekuambia nimebakiza muda gani?" aliuliza.

Mke wa Kimya hakuwa amesema lolote juu ya muda. Wala Kimya. Sikuwa najua kwamba kuna muda uliotajwa.

"Hapana," nikasema.

Na nikaona usoni mwake jinsi alivyotamani kulirudisha swali lile mdomoni.

Nikafunga maji. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa mbele yake.

"Muda gani?" nikamuuliza.